Paul Maurice: kocha bingwa, au mvumilivu aliyepata timu nzuri uzeeni?

MshambuliajiWaLugogo (Kampala) anauliza:

Salamu kwenu, wakubwa kwa wadogo. Ninajua kwamba wengi wetu hapa tulianzia kwenye mpira wa magongo wa kawaida, na kwamba hoki ya barafuni tunaifuata kwenye simu, saa tisa usiku, wakati majirani wote wamelala. Hata hivyo, tangu Florida Panthers watwae Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, kwa mara ya pili mfululizo mwezi wa Juni 2025, mabishano kuhusu kocha wao hayaishi katika kikundi cha klabu yetu, nami nimeona heri niyalete mahali ambapo watu huandika kwa utulivu.

Paul Maurice alikabidhiwa timu yake ya kwanza ya NHL, Hartford Whalers, mwezi wa Novemba 1995 akiwa na miaka 28 tu, umri ambao wachezaji wengi bado wako uwanjani. Klabu hiyo ilipohamia Carolina mwaka 1997 alihama nayo, na baadaye akafundisha Toronto, akarudi Carolina, akaenda Urusi kuifundisha Metallurg Magnitogorsk, akakaa Winnipeg kwa miaka karibu minane, na tangu Juni 2022 yuko Florida. Kwa idadi ya mechi za NHL alizosimamia, aliye mbele yake ni Scotty Bowman peke yake. Lakini siku aliponyanyua Kombe kwa mara ya kwanza, Juni 2024, alikuwa pia ndiye kocha aliyepoteza mechi nyingi kuliko wote katika historia ya ligi hiyo.

Wapo wanaosema kwamba timu hii ni kazi ya meneja mkuu, Bill Zito, na kwamba kocha yeyote mwenye akili timamu angeshinda akiwa na washambuliaji Barkov, Tkachuk na Reinhart, na kipa Bobrovsky. Wapo wanaosema kwamba bila Maurice wachezaji hao wangeendelea kufunga mabao mengi majira ya baridi na kutolewa mapema ifikapo Mei. Ninaomba kujua kwenu: ubora wake uko wapi hasa, na udhaifu wake uko wapi? Naomba hoja, si kejeli.

AfandeMstaafu (Bombo) anajibu:

Kijana wangu, umeuliza vizuri. Nitajibu upande mmoja tu, ule ninaouona mwenyewe kila ninapoitazama Florida, nao ni namna wanavyokaba.

Msimu wa 2021–2022, kabla ya Maurice kufika, timu hii iliongoza ligi nzima kwa pointi 122 na kwa mabao, kisha katika raundi ya pili ya mtoano, ambako kila raundi huchezwa hadi timu moja ishinde mechi nne, ikafungwa na Tampa Bay mechi nne mfululizo, ikiambulia mabao matatu tu katika mechi zote hizo. Zito hakumbakisha kocha aliyekuwepo, Andrew Brunette, ingawa alikuwa miongoni mwa watatu walioteuliwa kuwania tuzo ya kocha bora, akamwita Maurice. Mwezi uliofuata wachezaji Huberdeau na Weegar wakapelekwa Calgary ili Matthew Tkachuk aje. Mwaka wa kwanza wa Maurice pointi zikashuka hadi 92, na Florida ikaingia kwenye mtoano ikiwa ya mwisho kati ya zilizofuzu katika Kanda ya Mashariki, moja ya kanda mbili za ligi. Kocha mwenye moyo mwepesi angerudi kwenye mtindo wa zamani ifikapo Januari ili kuwanyamazisha waandishi. Yeye hakurudi.

Tazameni kile ambacho aliwafundisha. Kisahani, kile kipande cha mpira mgumu kinachopigwa kwa magongo, kinaporushwa kwenye kona ya wapinzani, mshambuliaji wa kwanza humwendea beki kwa mwili wake wote, akipate kisahani asikipate. Kazi yake ni kumlazimisha beki achague upande mmoja wa ukuta. Upande huo mshambuliaji wa pili ameshauziba. Wa tatu habaki akizurura mbele ya lango akisubiri bao la bure, bali hukaa juu, karibu na mstari wa buluu ambapo eneo la ushambuliaji huanzia, ili kisahani kikichomoka wasikutwe wameachwa nyuma. Mabeki nao husogea mbele na kuubana ukuta. Kila kikosi, yaani kundi la wachezaji wanaoingia pamoja, hufanya hivyo kwa muda usiofika dakika moja, kisha kingine kinaruka kutoka kwenye benchi na kuendelea pale pale. Ifikapo kipindi cha tatu, beki wa upande wa pili husikia vyuma vya viatu vikikwaruza barafu nyuma yake, na huanza kukitupa kisahani ovyo kabla hata hajaguswa.

Kumfanya mfungaji kama Sam Reinhart akimbie hivyo mechi baada ya mechi si jambo la kununuliwa sokoni. Aliyenunua nyama nzuri si lazima awe ndiye mpishi.

Na uamuzi wake kuhusu kipa mwaka 2023 usisahauliwe. Alex Lyon ndiye aliyeisaidia timu kufuzu, akastahili kuanza dhidi ya Boston, timu iliyokuwa imeweka rekodi ya ushindi mara 65 na pointi 135 katika msimu mmoja. Katikati ya raundi ile Maurice akamrudisha Bobrovsky. Florida ilikuwa nyuma kwa mechi tatu kwa moja, nayo ikashinda tatu zilizofuata, ya mwisho katika muda wa nyongeza kule kule Boston.

BintiWaElgon (Mbale) anajibu:

Shikamoo Afande. Maelezo yako kuhusu kukaba nayakubali yote, lakini ninaona kwamba tunamhukumu mtu wa miaka 30 ya kazi kwa miaka yake mitatu mizuri. Tuitazame Winnipeg, ambako alikaa muda mrefu zaidi bila kuhamahama na ambako hakukosa wachezaji.

Alikuwa na Blake Wheeler, Mark Scheifele, Kyle Connor, Nikolaj Ehlers, Patrik Laine, Dustin Byfuglien, na golini Connor Hellebuyck, ambaye mwaka 2020 alipewa tuzo ya kipa bora wa ligi. Mwaka 2018 timu hiyo ilipata pointi 114, ikaitoa Nashville iliyoongoza ligi nzima, ikafika fainali ya Kanda ya Magharibi, ikashinda mechi ya kwanza, halafu ikapoteza nne mfululizo mbele ya Vegas, klabu ambayo ilikuwa katika msimu wake wa kwanza kabisa tangu izaliwe. Mwaka 2021 iliifunga Edmonton ya nyota McDavid na Draisaitl mechi nne bila kupoteza hata moja, na katika raundi iliyofuata yenyewe ikafungwa na Montreal nne bila jibu. Ni kweli kwamba Scheifele alifungiwa mechi nne baada ya ile ya kwanza. Je, kocha mkongwe hana mpango wa pili nyota mmoja anapokosekana?

Lawama kubwa ya mashabiki wa kule, na mimi ninaiunga mkono, ilikuwa uaminifu wake uliopita kiasi kwa wakongwe. Wheeler alipewa dakika nyingi hata kasi yake ilipoanza kupungua, wakati Ehlers, ambaye kila akigusa kisahani hatari ilikuwa inanukia, alikuwa akihesabiwa dakika kama mtu anayepimiwa dawa. Kocha mkuu wa kudumu aliyefuata, Rick Bowness, alipofika tu alimvua Wheeler unahodha, Septemba 2022, kabla msimu haujaanza. Mtu hafanyi jambo zito namna hiyo katika chumba cha wachezaji ambacho kilikuwa salama.

Na hata huko Florida, nani amesahau fainali ya 2024 dhidi ya Edmonton? Mechi tatu kwa sifuri mkononi, kisha kipigo cha 8–1, cha 5–3 na cha 5–1. Ilibaki kidogo tu aingie katika historia kwa mlango mwingine.

KipaWaJinja (Jinja) anajibu:

Dada, umesema hakukosa wachezaji Winnipeg, lakini umeruka majira ya joto ya 2019. Katika miezi michache Jacob Trouba alipelekwa New York, Tyler Myers akaenda Vancouver, Ben Chiarot akaenda Montreal, na Byfuglien hakurudi tena uwanjani. Karibu ukuta mzima wa nyuma ulibomoka kwa mkupuo. Hellebuyck alipata ile tuzo ya 2020 kwa sababu alikuwa akipigiwa mashuti ambayo kipa wa timu yenye mabeki hapigiwi. Mimi husimama golini, na ninajua ninachokisema.

Kuhusu mechi alizopoteza, hesabu hiyo inamhusu kila aliyekaa kazini muda mrefu. Kocha mbaya hafikishi mechi elfu moja ili apoteze nyingi namna hiyo. Huwa ameshafukuzwa akiwa na mia mbili.

MzeeWaMagongo (Entebbe) anajibu:

Wanangu, mimi ni wa kizazi kilichoiona timu yetu ya taifa ya magongo ikienda Olimpiki ya Munich mwaka 1972, jambo ambalo vijana wengi wa leo wakiambiwa hudhani ni hadithi, kwa hiyo mniruhusu nirudi nyuma zaidi yenu.

Mwaka 2002 Maurice, akiwa na miaka 35, aliifikisha Carolina kwenye fainali ya Kombe la Stanley, na kwenye benchi la pili alisimama Scotty Bowman mwenyewe na Detroit yake ya Yzerman, Lidstrom, Hasek, Hull na Shanahan. Wakati ule ligi haikuwa bado na ukomo wa mishahara, ambao ulikuja mwaka 2005 baada ya msimu mzima kufutwa kwa mgogoro wa waajiri na wachezaji, na klabu tajiri ilikuwa inakusanya majina kama inavyotaka. Carolina ilishinda mechi ya kwanza katika muda wa nyongeza kwa bao la Ron Francis. Mechi ya tatu ilikwenda hadi kipindi cha tatu cha nyongeza, na Igor Larionov, mzee wa miaka 41, akaimaliza. Baada ya hapo Carolina haikufua dafu, na Bowman akastaafu akiwa na Kombe lake la tisa kama kocha. Kwa hiyo anayesema kwamba Maurice alijua kazi juzi tu, hakumtazama kijana yule.

Sasa nisikilizeni upande wa pili, kwa maana hapa ndipo ninapouona udhaifu wake halisi, na sioni kama mmeugusa. Msimu uliofuata fainali ile, Carolina ilimaliza ya mwisho katika ligi nzima. Desemba 2003 akafukuzwa, Peter Laviolette akachukua nafasi yake, na mwaka 2006 Laviolette akalitwaa Kombe na klabu ile ile. Desemba 2008 Maurice akarudishwa kumrithi Laviolette huyo huyo, akaifikisha timu fainali ya Kanda ya Mashariki mwaka 2009, na misimu miwili iliyofuata hawakufuzu hata kwa mtoano. Winnipeg nayo, baada ya ule mwaka wa 2018 aliousimulia binti yetu, haikuvuka tena raundi ya pili chini yake. Safari tatu, na kila moja ikafuatwa na mteremko. Timu zake zilikuwa zinapanda kwa nguvu ya sauti yake, na sauti ikizoeleka, zinashuka.

Toronto naipita haraka. Alikaa misimu miwili, mwaka 2007 wakakosa mtoano kwa pointi moja, na mwaka 2008 wakakosa tena. Mji ule umewala makocha wengi.

MshambuliajiWaLugogo anarudi:

Asante sana Mzee, na asanteni wote. Hoja ya mteremko sikuwa nimewahi kuiona imepangwa hivyo. Ila sasa inazaa swali jingine: Florida imekwenda fainali 2023, 2024 na 2025, yaani mara tatu mfululizo, na haikuteremka. Ni kocha aliyebadilika, au ni watu aliowakuta humo?

MwanaGulu (Gulu) anajibu:

Kaka yangu mkubwa anaishi Winnipeg, kwa hiyo nyumbani kwetu jina la Maurice linatajwa kama la jamaa. Ninadhani jibu linaanzia tarehe 17 Desemba 2021. Siku hiyo Maurice alijiuzulu mwenyewe katikati ya msimu, timu ikiwa na ushindi mara 13 na vipigo 10, mbali na mara tano ilizopoteza katika muda wa nyongeza au penalti. Haikuwa rekodi ya kumfukuzisha mtu. Sababu aliyoitoa ni kwamba wachezaji walihitaji kusikia sauti mpya. Makocha wengi hungoja waambiwe na meneja; yeye aliuona ule mteremko anaousema Mzee na akashuka kabla haujafika chini. Kaka yangu alikasirika sana siku ile, akasema nahodha hatoroki meli, lakini mimi nilimwona kama mtu aliyeanza kujijua.

Alipofika Florida alikuta nahodha wa aina nyingine. Aleksander Barkov si msemaji, lakini ndiye mshambuliaji anayekaba vizuri kuliko karibu wote katika ligi, na nyota wa timu akikubali kukimbia kurudi nyuma, wa kikosi cha nne hana la kusema. Nadhani pia kwamba hilo limempunguzia Maurice kazi ya kupiga kelele. Bado hupayuka kwenye benchi mara moja moja, na maneno yake midomoni husomeka hata kwa asiyejua lugha yao, lakini sasa ukali huo unakuja kwa nadra, kwa hiyo unasikika.

Na ile lawama ya BintiWaElgon ya kuwapendelea wakongwe kwa dakika, mwaka 2025 imepata majibu yake. Brad Marchand alipokuja kutoka Boston mwezi wa Machi, mtu mwenye jina kubwa na umri wa karibu miaka 37, Maurice alimweka katika kikosi cha tatu pamoja na Anton Lundell na Eetu Luostarinen. Kikosi hicho kiliwatesa wapinzani kuanzia Toronto hadi Edmonton. Maurice wa Winnipeg, nadhani, angempandisha mkongwe huyo juu kwa heshima ya jina.

BintiWaElgon anajibu:

Hapo kwa Marchand umenishika, ndugu yangu, na nakubali kwamba amejifunza kugawa dakika. Lakini ile mechi ya saba ya 2024 mimi bado naiona kama bahati iliyokuwa na kipa mzuri nyuma yake.

AfandeMstaafu anajibu:

Hapana, binti yangu, tusiiache ipite hivyo, maana mechi ile ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote.

Katika hoki ya barafuni, mchezo unaposimama, kocha wa timu ya nyumbani ndiye mwenye haki ya kuwa wa mwisho kuingiza wachezaji. Mechi ya saba ilichezwa Florida, kwa hiyo kila McDavid alipopanda kwenye barafu, Maurice aliweza kutazama kwanza, kisha akamtuma Barkov, na nyuma yake beki Gustav Forsling, ambaye Florida walimwokota bure mwaka 2021 Carolina walipomweka kwenye orodha ya wasiohitajika. McDavid ndiye aliyepewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano mzima ule ingawa timu yake ilishindwa, lakini katika mechi mbili za mwisho hakupata bao wala pasi ya bao. Verhaeghe wa Florida alifunga, Edmonton ikasawazisha, Reinhart akafunga la pili katika kipindi cha kati, na dakika 20 za mwisho zikachezwa kwa 2–1 bila Florida kukimbilia kujifungia mbele ya kipa wao. Waliendelea kukaba juu, kwenye kona za Edmonton, vile vile nilivyoeleza mwanzo. Timu iliyopigwa mara tatu mfululizo na inaogopa kuandikwa vibaya haichezi hivyo isipokuwa kuna mtu amewatuliza. Bobrovsky alikuwa mzuri, sikatai. Lakini alifungwa mabao mengi katika vipigo vile vitatu, hata akatolewa katikati ya kile cha 8–1, na bado kocha aliendelea kumwanzisha.

KipaWaJinja anajibu:

Naongeza moja tu. Fainali ya 2025 dhidi ya Edmonton hao hao ilimalizika katika mechi ya sita kwa 5–1, Reinhart akifunga manne peke yake. Mwaka wa pili haukuhitaji bahati.

MzeeWaMagongo anajibu:

Nimezisoma hoja zote, na ninabaki na jambo moja ambalo msimu wa 2025–2026 ulitupa nafasi ya kulipima. Barkov aliumia goti vibaya katika mazoezi ya Septemba 2025 na akafanyiwa upasuaji. Alitarajiwa kukosa miezi saba hadi tisa. Tkachuk naye alifanyiwa upasuaji wakati wa mapumziko na hakuwepo mwanzoni. MwanaGulu amesema kwamba nahodha ndiye aliyempunguzia kocha kazi ya kupiga kelele, na mimi nimesema kwamba timu za Maurice huteremka baada ya mafanikio. Hapo yote mawili yalikutana, na wachezaji wenyewe walikuwa wamecheza hadi Juni miaka mitatu mfululizo.

Mimi simhukumu kwa nafasi anayomaliza kwenye msimamo. Namwangalia yule mshambuliaji wa tatu wa Afande, kama mwezi wa Februari, wakiwa nyuma kwa mabao mawili na nahodha hayupo, bado anakaa juu karibu na mstari wa buluu, au ameshaanza kuzurura mbele ya lango.